Siku Mtani Wangu Alipoanza Kuniheshimu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi wenye sauti za kuimba, asifiwe pia na sisi wazee ambao sauti zetu zimebaki za kukohoa tu. Nimesikia shuhuda nyingi katika nyumba hii. Wengine wameokolewa na pombe, wengine na uchawi, mmoja aliokolewa na simba. Mimi Mika nimeokolewa na heshima. Msicheke bado. Nisikilizeni mpaka mwisho, mtaona kwamba mtu anaweza kuangamia kwa kuheshimiwa.

Nilizaliwa Ugogo, upande wa Mpwapwa, wakati Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao. Baba yangu alikuwa mfugaji. Nilitobolewa masikio kama watoto wote wa kwetu, ndewe zikavutwa mpaka zikaning'inia, kisha nikapelekwa misheni. Nikapenda kitabu. Nikafika shule ya juu, mimi peke yangu kutoka kijiji chetu. Nilipokuwa nikirudi nyumbani wakati wa likizo, wazee walininyamazia nizungumze. Ndugu zangu, kijana anyamaziwaye na wazee yumo hatarini, wala hajui.

Hapo lazima niwaeleze vijana jambo moja. Ninyi utani mnaujua kama mzaha wa arusini. Zamani haukuwa hivyo. Sisi Wagogo na Wanyamwezi tulikuwa watani tangu siku za misafara, na utani ulikuwa kama sheria. Mtani wako alikuwa na haki ya kukutukana mbele ya mkweo, kuingia jikoni kwako akafunua chungu, kukuvua kofia akaenda nayo. Wewe ulikuwa na kazi moja tu: kucheka, na kumrudishia tusi kubwa zaidi. Ukikasirika, umekosa. Na siku ya msiba, mtani ndiye aliyekuja kushika jembe, kuwatania wafiwa mpaka wakumbuke kula. Bila mtani, hata maiti ilionekana haina mwenyewe.

Shuleni tulionywa kuhusu matusi na ulevi wa misibani. Mwalimu hakukosea kutuonya. Ni mimi niliyechukua onyo lile nikalifanya fimbo ya kuwapimia wenzangu. Nikasema moyoni kwamba utani ni mambo ya washenzi. Simlaumu mwalimu. Wenzangu wote waliisikia sauti ile ile, na hakuna aliyefanya nililolifanya mimi.

Reli ilipofika Dodoma nilipata kazi ya ukalimani kwa mafundi wa Kijerumani. Dodoma ya siku zile ilikuwa vumbi, mahema, na lugha za dunia nzima. Kulikuwa na Wanyamwezi, Wamanyema, Wahehe, Warangi walioleta mtama kutoka upande wa Kondoa, Wazaramo wa pwani, askari Wanubi, mafundi Wahindi, Wagiriki wapasua mawe. Na kulikuwa na Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, mkubwa kwangu kwa umri, kiongozi wa kundi la kubeba vyuma vya reli. Chuma kile hakinyanyuki kwa nguvu tu, hunyanyuka kwa wimbo, na wimbo wa Maganga ulikuwa matusi matupu. Alimtukana mnyapara, akalitukana jua, akawatukana Wagogo, na watu wakanyanyua huku mbavu zikiwauma kwa kicheko. Siku ya kwanza aliponiona alizunguka nyuma yangu, akaninusa.

"Jamani, leo nimemwona Mgogo aliyeoga! Nani kafa?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana bado nilikuwa mtu. Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa. Tulisikia Wanyamwezi wanakuja, tukaoga ili mtuone, mjue maji yanafananaje."

Akanishika mkono, akautikisa. "Huyu ni mtani wangu," akatangaza. "Mtu asimguse. Wa kumtesa ni mimi."

Basi tukawa marafiki. Alikuwa akija kwangu saa ya kula, ananawa bila kukaribishwa, anakula mlenda wangu huku akilalamika kwamba unateleza kama ahadi za Mgogo. Mke wake, Mama Tabu, mwanamke wa kwetu Ugogo aliyemwoa pale Dodoma, alinishonea vifungo vya kanzu. Sikuwa na ndugu wa tumbo moja mahali pale. Nilikuwa na Maganga.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mashine, Mjerumani aliyewahi kuwa baharia. Huyo alipenda ngumi. Nyuma ya karakana alitundika magunia ya mchanga, akawafundisha waliotaka: namna ya kusimama, kukinga, kupiga kutoka kwenye kisigino na si kutoka begani. Hakulipa mtu, wala hakuruhusu mtu alipwe. Alisema ngumi za ujira ni biashara ya soko, ngumi za heshima ndizo mchezo. Mimi na Maganga tulijifunza pamoja, tukawapita wote. Yeye alikuwa mwepesi kama mbuzi jiwe, ukitupa ngumi hayupo. Mimi nilikuwa na mkono wa kulia. Sikuwa na kingine, ila mkono ule ulitosha.

Ikaja sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari. Bwana Shauri, mkuu wa boma, akaagiza michezo ya mataifa yote yaliyokuwapo. Kila taifa lilete watu wake. Ndugu zangu, sijaona tena siku kama ile! Mrangi mmoja alikimbia mbio ndefu, akafika peke yake, akakaa akasubiri wengine huku akitafuna ubuyu. Wahindi na Wamanyema walishindana mieleka. Wanubi walivuta kamba na Wahehe mpaka kamba ikakatika, wote wakaanguka chali. Vijana walipanda mti uliopakwa mafuta, wakateremka kwa makalio. Na katikati ya uwanja palikuwa na ulingo, mataruma ya reli yamesimikwa kama nguzo, kamba za katani zimezungushwa, na kipande cha reli kimening'inizwa pembeni kigongwe kuanzisha na kumaliza.

Tulifunga mikono kwa vitambaa. Mimi nilimwangusha askari Mnubi ambaye hakuna aliyedhani ataanguka. Maganga alimchosha Mzaramo mmoja hodari mpaka yule bwana akakaa chini mwenyewe, akasema, "Siwezi kupigana na upepo." Wakaja wengine, tukawapita. Tukabaki sisi wawili, Mgogo na Mnyamwezi. Uwanja mzima ulishangilia, maana watu walijua kitakachofuata si vita. Ni watani!

Laiti ningalijua nilichokuwa nacho mkononi.

Kipande cha reli kiligongwa tukaanza. Maganga alinizidi, sitawadanganya. Alinigusa puani, akanigusa sikioni, akapita chini ya mkono wangu, na kila akigusa alitupa neno. "Hii ya mjomba wako. Hii ya shangazi yako, aliniomba nikuletee." Watu walikuwa hoi. Mimi nikajaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka, kwa sababu niliona viti vya Wazungu. Bwana Shauri alikuwapo. Mwalimu wangu wa shule ya juu alikuwapo, amekuja kwa ajili ya sikukuu. Nilitaka wanione mtu mkubwa.

Ndipo Maganga akarudi nyuma hatua kadhaa, akashusha mikono yote miwili, akawageukia watazamaji.

"Jamani, huyu Mgogo amesoma mpaka shule ya juu! Lakini tazameni masikio yake, yana madirisha! Elimu ilipoingia upande huu, nani aliizuia isitokee upande ule?"

Uwanja ukapasuka. Nikamwona askari mkalimani akiinama kumtafsiria Bwana Shauri. Nikamwona Bwana Shauri akijipiga paja kwa kucheka. Nikamwona mwalimu wangu ameweka mkono mdomoni.

Maganga akanisogezea shavu, macho yakimcheka. "Haya, mtani. Chukua haki yako."

Ndugu zangu, kila Mgogo na kila Mnyamwezi uwanjani pale alijua kilichotakiwa. Nilitakiwa nimpige kofi jepesi la kiganja, nimpe tusi lililozidi lake, nimvue kilemba chake nikimbie nacho. Mchezo ungaliishia hapo, mabingwa wawili, hakuna aliyeshindwa. Wazee wa kwetu walikwisha kuanza kutabasamu, wanangoja jibu langu.

Nilimpiga kutoka kwenye kisigino, kama nilivyofundishwa. Kwa mkono ule ule wa kulia. Nilisikia taya lake likilia kama kijiti kikavu.

Kwa sheria za ngumi sikuwa na kosa. Reli haikuwa imegongwa. Mtu anayeshusha mikono ulingoni amejitakia. Fundi Mjerumani alininyanyua mkono, Wazungu wakapiga makofi, Bwana Shauri akanifunga utepe kifuani kwa mikono yake mwenyewe. Lakini upande wa watu wetu hapakuwa na sauti. Wazee wa Kigogo walisimama mmoja mmoja, wakakung'uta vumbi, wakanipa migongo. Wanyamwezi walimchukua mtu wao bila kunitazama. Mama Tabu alipita karibu nami, damu ya mumewe imelowesha kanga yake. Hakunilaani. Alinitazama kifuani, pale penye utepe, akaenda zake.

Nilirudi kijijini na utepe wangu. Baba alikuwa zizini, anakamua. Nikamwambia nimewashinda mataifa yote. Alimaliza kukamua kwanza, ndipo akaniuliza.

"Ni kweli mtani alikutania ukampiga?"

"Ilikuwa mchezo wa ngumi, baba. Kupiga ndiyo kazi yake."

Akainua kibuyu cha maziwa, akasema, "Umeshinda, mwanangu. Sasa nani atatuzika?"

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya mzee asiyesoma. Mungu anirehemu.

Taya la Maganga liliunga vibaya. Mdomo ulipinda upande mmoja, na maneno yakawa yanatoka yamepondeka. Chakula chake kikawa uji. Mtu aliyewanyanyulisha wenzake vyuma kwa ulimi wake akanyamaza, kundi lake likapata mwimbaji mwingine, na wimbo wa huyo haukuchekesha mtu.

Nilipokutana naye mara ya kwanza baada ya kupona, njiani, nilijiandaa. Nilisema atanipiga, nami nitakubali. Au atanitukana, nami nitakubali. Maganga alivua kofia. Akasogea pembeni kunipisha njia. Akasema kwa ule mdomo uliopinda, polepole ili nisikie:

"Shikamoo, bwana."

Yeye, mkubwa wangu! Mtani wangu! Ndugu zangu, mimi nimepigwa ngumi na wanaume wa mataifa mengi, sijapigwa kama nilivyopigwa siku ile. Mtani akianza kukuheshimu, amekwisha kukufukia.

Na wengine wakafuata. Wanyamwezi wote wa reli wakaanza kuniita bwana. Hakuna aliyefunua chungu changu tena. Hakuna aliyeuliza kama nimeoga. Nilikula peke yangu chakula kizima, nikashiba, nikalia. Baba yangu alipofariki, mtani hakuja hata mmoja. Hakuna aliyeruka kaburini kudai haki yake, hakuna aliyemwiga marehemu alivyokuwa akitembea, hakuna aliyemchekesha mama. Tulimfukia mzee yule kimya kimya kama watu wanaoficha kitu. Ndipo nilipoelewa swali lake la zizini, na yeye hayupo tena nimwambie nimeelewa.

Nilianza kunywa. Nilianza kupiga. Mtu akinitazama vibaya, konde. Akinitazama vizuri, nasema ananicheka moyoni, konde. Nilioa, na mke wangu alirudi kwao. Aliwaambia wazazi wake kwamba katika nyumba yangu hata watoto wa jirani huingia wakinyata. Kazi ya ukalimani nikafukuzwa kwa kumpiga mnyapara. Bado nilikuwa nasali. Bado niliweza kueleza Maandiko kuliko watu wengi. Shetani hana shida na mtu anayeeleza Maandiko.

Vikaja vita. Waingereza walipokaribia, Wajerumani walianza kurudi nyuma kuelekea kusini, wakakusanya kila mwanamume mwenye mgongo awabebee mizigo. Nilikamatwa kilabuni. Nilipofikishwa kwenye msafara nikamwona mnyapara wa wapagazi, amesimama anagawa mizigo. Alikuwa Maganga. Mama Tabu alikuwa pamoja naye, na sufuria lake kichwani, kama walivyofanya wake wa wapagazi.

Nikasema, leo nitalipishwa. Nitapewa sanduku la risasi nife nalo. Maganga alinitazama, akaenda kwenye mizigo, akachagua furushi la mablanketi.

"Chukua hili, bwana. Ni jepesi."

Njia ile ya milimani kwenda Kibakwe wengine mnaifahamu. Inapanda, kisha inapanda tena. Mimi sikuwa nimezoea mzigo, pombe ilikuwa imenila, na nikaanza kuhara damu. Nilipoanguka, Maganga alichukua furushi langu akaliweka juu ya lake. Nilipoanguka tena aliniweka mkono begani mwake. "Shika hapa, bwana. Taratibu, bwana." Kila fadhila ilikuja na lile neno bwana, na kila bwana ilikuwa msumari.

Tulifika Kibakwe adhuhuri, tukaambiwa tupumzike hapo mpaka kesho yake asubuhi. Nikajua sitaendelea mbali zaidi. Nikasema nisife na jambo hili. Nikajikokota mpaka alipokaa Maganga na wapagazi wenzake, nikavua kofia, nikasimama wima kadiri nilivyoweza, nikatoa maneno yangu yote ya shule ya juu.

"Mheshimiwa ndugu Maganga, mbele ya mashahidi hawa ninakiri kosa kubwa nililokutendea, nami naomba kwa unyenyekevu unipe msamaha."

Wapagazi walitazama chini. Maganga akasimama, akavua kofia yake naye.

"Nimesamehe, bwana. Yamekwisha, bwana."

Akaenda kukagua kamba za mizigo.

Ndugu zangu, nilisamehewa nikasikia baridi! Nilirudi kivulini mwa kibanda nikajilaza, nikageukia ukuta. Mama Tabu akaniletea uji. Nilipokataa, aliketi chini, kibuyu mkononi.

"Unalia nini, Mika? Si umesamehewa?"

"Hajanisamehe, mama. Ananiita bwana."

"Ulitaka akuite nani? Umemwomba msamaha kama mtu anayepeleka shauri bomani. Umevua kofia, umesema mheshimiwa. Mume wangu si boma. Wewe hukumwibia ng'ombe. Uliukataa utani. Basi kamrudishie kile ulichokikataa."

"Nimtanie? Mimi? Nimtanie nini, nami ndiye niliyemvunja?"

"Hilo hilo." Akasogea karibu. "Tangu siku ile watu wote wanalizunguka taya lake kama kaburi. Hakuna anayelitaja. Wenzake wanamhurumia, na huruma hiyo imemmaliza kuliko ngumi yako. Mwenye haki ya kulicheka duniani ni mtu mmoja tu, naye amelala hapa anakataa uji."

Akaniachia kibuyu, akaondoka.

Niliogopa. Wala si kuogopa kupigwa. Niliogopa kuchekwa, niliogopa kusema neno na watu wote wakanyamaza, nikabaki mpumbavu mbele yao. Na pale nilipokuwa nimejilaza, Bwana akanijia. Sikuona nuru. Nilikumbuka tu habari ya mateso yake, ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi na kuijibu vizuri katika mitihani. Walimfunga macho wakampiga, wakamwambia atabiri ni nani aliyempiga. Walimvika vazi la mzaha. Walimcheka chini ya msalaba. Naye alikuwa na mkono wenye nguvu kuliko mikono yote, na mkono huo hakuuinua! Mimi niliguswa masikio tu, tena na rafiki, tena kwa upendo, nikavunja taya la mtu ili Wazungu wasinicheke.

Nikapiga magoti pale pale. Nilikuwa nimebatizwa zamani, ila siku ile ndiyo nilianza kuomba. Sikutumia maneno ya shule. Nilisema, "Yesu, wewe ulikubali kuchekwa. Nipe na mimi." Basi. Hiyo ndiyo sala yangu yote, na kitu kilichokuwa kimenikaba tangu uwanjani kule Dodoma kikaachia.

Nikanywa uji. Nikainuka. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Maganga alikuwa amekaa kati ya watu wake, anakunywa uji wake polepole kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Nikasimama mbele yake, nikapaza sauti:

"Maganga! Ninyi Wanyamwezi mmezoea mizigo mpaka mmepitiliza. Bega limeinama, nikasema sawa. Mgongo umeinama, nikasema sawa. Sasa hata mdomo umeinama! Umeubebesha nini?"

Mpagazi mmoja akashika fimbo yake. Maganga akashusha kibuyu. Akanitazama kwa muda mrefu, uji ukimdondoka kidevuni, nami nikamwomba Bwana anishike nisikimbie.

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Akashika taya kwa mikono miwili, maana kicheko kilimuuma, akacheka hivyo hivyo, machozi yakimtoka, anapiga chini kwa mguu.

"Mgogo we!" akasema alipoweza. "Kumbe una ulimi! Nilidhani misheni waliukata, wakakushonea ukurasa!"

Akanyanyuka, akaninyang'anya kofia yangu, akaivaa juu ya yake. Wapagazi wakapiga kelele za furaha, yule mwenye fimbo akaitupa. Akanikalisha, akanilazimisha kumaliza uji wake, akanitukana mimi na baba yangu na ng'ombe wa baba yangu, kwa majina. Na alipofika kwa baba alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Nilisikia msiba. Nilitaka kuja. Nilikuwa mjinga kama wewe." Kisha akaendelea kutukana.

Haleluya! Nilikuwa nimekufa nikafufuka, na sauti iliyonifufua ilikuwa ya matusi.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Asubuhi askari walipita kukagua wapagazi. Aliponifikia, mmoja alinisukuma kwa mguu, akasema huyu ni maiti, mwacheni. Msafara ukaondoka bila mimi. Maganga alikuwa mbele, mzigo begani, na aliposhuka kilima alikuwa bado ananitukana kwa sauti, na watu wake wanaitikia kama kiitikio cha wimbo. Ule mdomo ulikula nusu ya maneno. Nusu iliyobaki ilinitosha. Nilikaa kwenye kizingiti nikisikiliza mpaka miti ilipoifunika sauti yake.

Watu wa Kibakwe waliniuguza nikapona. Vita vilipokwisha Mama Tabu alirudi peke yake. Alikuja mpaka kwangu, akakaa, akaniambia kwamba homa ilimchukua mumewe ng'ambo ya mto Ruaha, wakamzika kando ya njia. Nikamuuliza kama alinitaja. Akasema, "Kila siku. Alikuwa anatunga. Akipata tusi zuri njiani alicheka peke yake, akasema hili nitampa Mgogo nikirudi."

Nikamwomba aniambie yote. Aliniambia aliyoyakumbuka, na tulicheka mimi na yeye mpaka tukalia. Mengine alikuwa ameyasahau. Hayo aliyoyasahau ndiyo ninayoyalilia mpaka leo. Nilikuwa na miaka ya kuyasikia kwa mdomo wake, tena mdomo mzima, nikaitumia miaka hiyo kuitwa bwana.

Ndugu zangu, Bwana amenisamehe. Nalijua hilo kuliko ninavyolijua jina langu. Sijamwinulia mtu mkono tangu siku ile ya Kibakwe, wala sijaonja pombe, na mke wangu alirudi nyumbani tukazeeka pamoja. Ninamshukuru Mungu wangu asiyenichoka! Lakini msamaha haurudishi taya mahali pake, wala haumtoi mtu kaburini ng'ambo ya mto. Mtu asiwaambie vinginevyo.

Basi mzee wenu anawasihi. Kama yuko mtu aliyekuwa akikucheka, akiingia kwako bila hodi, akila chakula chako akikilaumu, na siku hizi anakuamkia kwa adabu na kukupisha njia, usifurahi kwamba sasa anakutambua. Jiulize ulimfanya nini. Kisha mwendee, leo, kabla hajaitwa mbali, na usiende na maneno ya boma. Kama unaogopa kuchekwa, mwambie Yesu. Yeye anajua kuchekwa kulivyo, na atakushika mkono mpaka mlangoni kwa mwenzako. Mtumaini. Mimi nilichelewa, naye alinishika hivyo hivyo.

Nimesema. Anayehitaji kutoka sasa hivi amwendee mtu wake, atoke, hatutamwona mkosefu wa adabu. Sisi tutakaobaki tutamwombea.